Mwenyewe Hakurudi

Fundi Saa hakupewa jina hilo kwa kejeli. Mafundi wengine wakikwambia njoo Jumanne, unarudi nyumbani ukijiuliza ni Jumanne ya mwaka gani. Yeye akisema Jumanne saa nne, basi saa nne kamili gari lako liko getini, limefutwa hadi vioo vya pembeni, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari wake. Wateja walimsifu mpaka sifa zikawa kero. Walidhani kazaliwa hivyo. Hawakujua kwamba tabia ile ilimwanzia ukubwani, baada ya uongo mmoja tu, na kwamba uongo wenyewe alikuwa bado anao, nyuma ya karakana, umefunikwa shuka safi.

Lilikuwa gari la wazi, la milango miwili, lenye paa la turubai linalokunjwa nyuma ya viti. Rangi yake ya maziwa, viti vya ngozi nyekundu, usukani mwembamba wa mbao. Magari ya namna hiyo hayaundwi tena, na mengi yaliyobaki yamegeuka vibanda vya kuku. Hili lilikuwa zima kuliko fundi mwenyewe. Karakana nzima ilivuja, lakini chumba cha gari kilikuwa na dari, sakafu ya saruji na mlango wa kufuli. Kila mwezi aliliwasha, akaliacha lingurume robo saa, kisha akalisogeza mbele kidogo na nyuma kidogo ili matairi yasilalie upande mmoja. Ngozi ya viti aliipaka mafuta. Mkewe alizoea kusema kwamba angepata nusu tu ya mafuta yale, visigino vyake visingepasuka.

"Mteja alilileta zamani," fundi alimjibu kila aliyeuliza, "nikamtengenezea, mwenyewe hakurudi."

Watu walitikisa vichwa kwa kustaajabu. Miaka thelathini na mmoja mtu anatunza mali isiyo yake, wala haimpitii akilini kuiuza! Walimpa mkono. Hapo ndipo fundi alipoinama kutafuta spana ambayo haikupotea.

Aliyeyakoroga mambo ni daktari wa meno. Alikuwa mteja wa siku nyingi, mtu mpole mwenye kucha safi, na kila alipoleta gari lake kubadilisha mafuta alipita kwanza nyuma kuliamkia gari la wazi, ndipo akaja kumsalimu fundi.

"Nasikia unafunga karakana," alisema siku hiyo.

"Habari zina miguu. Mwenye kiwanja anakitaka mwezi ujao. Na mgongo nao umeshanipa notisi yake."

"Na hili?"

Fundi alilitazama gari. Hilo ndilo swali lililokuwa likimkosesha usingizi wa mchana, maana wa usiku alishauzoea kuukosa.

"Niuzie mimi, mzee wangu," daktari alisema. "Silitaki la kuchezea. Nitalitunza kama ulivyolitunza."

"Si langu, daktari. Kadi ina jina la mtu."

"Najua. Nimemuuliza wakili. Anasema kwa miaka yote hii, ukila kiapo kwamba mwenyewe hakuwahi kurudi kuliulizia, linahesabika kuwa limetelekezwa. Linakuwa lako, unaniuzia." Akatoa karatasi mfukoni, imekunjwa vizuri. "Ni aya moja tu. Alhamisi saa nne, ofisini kwa wakili."

Fundi aliisoma aya ile amesimama, akaisoma tena ameketi juu ya tairi. Uongo wake alikuwa ameusema mara nyingi mno hata ulimi haukuukwaruza tena. Lakini hakuwahi kuuona umeandikwa, na chini yake mstari mtupu unaongoja sahihi.

Nyumbani alimkuta mkewe anapiga pasi. Mama Pacha alikuwa mwalimu wa chekechea mpaka alipostaafu, na hadi leo alizungumza na mumewe kwa sauti ile ya kumtaka mtoto avae viatu. Mabinti zao pacha walikuwa wamejenga nyumba zilizoungana ukuta, na nyuma ya nyumba hizo palikuwa na kiwanja kidogo cha vyumba viwili na baraza, tayari kimepigwa kamba. Bei ya gari ingeinua vyumba vile hadi paa. Mama Pacha alikwisha kuchagua dirisha lipi litazame wapi.

"Mimi ndiye ningepaswa kukataa," alisema baada ya kuisoma karatasi. "Unajua lile gari kwangu ni nini."

Alijua. Walipooana hawakupata fungate, kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa hata kulitamka neno lenyewe. Miezi minne baadaye, Jumapili moja, fundi alimtokea getini na gari lile, paa limekunjwa, akamfungulia mlango. Walitembea kwa muda wa saa tano. Mpaka leo wanawake wenzake wakisimulia fungate zao za hotelini, Mama Pacha huwasikiliza wote hadi mwisho, kisha huwaambia yake ilikuwa ya saa tano na haibadilishi na ya mtu.

"Lakini hatuwezi kulihamisha," aliendelea, akipitisha pasi kwenye kola. "Bora lichukuliwe na mtu anayelipenda. Tia sahihi, Baba Pacha. Mwenyewe si hakurudi?"

"Hakurudi," fundi alisema, akaenda kunawa mikono aliyokwisha kuinawa.

Na ukweli ni huu. Mwenyewe alirudi.

Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa suti, mtu mwembamba mwenye futi ya kupimia shingoni hata akiwa matembezini. Alileta gari giaboksi yake ikikwama, na fundi, ambaye siku hizo hakuwa Saa wala dakika, alilimaliza Ijumaa. Ijumaa hiyo hiyo jioni, kwa furaha ya kazi iliyokubali, alimwahidi mkewe matembezi ya Jumapili. Si wizi, alijiambia, ni kulijaribu gari barabarani. Mteja mwenyewe hakuwa amesema anakuja lini.

Akaja Jumamosi asubuhi. Fundi alimwona tangu mbali anavyovuka barabara, akafungua boneti haraka, akamwaga spana chini, akalaza giaboksi kuukuu ya gari jingine juu ya gunia. Ni maigizo ambayo kila fundi anayajua, na walio wengi huyacheza vizuri kuliko kazi yenyewe.

"Bado, kaka. Kuna kifaa nakingoja. Njoo Jumanne."

Mshonaji alitazama injini. Akamtazama fundi, kutoka usoni hadi mikononi. "Haiwezekani hata kesho? Kwa saa mbili tu, halafu nikurudishie?"

"Haiwezekani."

Mshonaji alisimama kidogo, akashukuru, akaondoka. Jumanne fundi alilisugua gari likang'aa, akangoja tangu asubuhi mpaka jua kuzama. Jumatano pia. Wiki ilipokwisha alisema atakwenda kumtafuta, anwani ilikuwa kwenye daftari. Mwezi ulipokwisha aliona aibu kwenda. Mwaka ulipokwisha alikuwa amelizoea gari, na tuseme wazi, alikuwa amelipenda, na mtu akishapenda anajua kujitungia sababu. Duka la mshonaji lilikuwa umbali wa dakika ishirini. Kwa miaka thelathini na mmoja fundi alizunguka njia nyingine. Kitu pekee alichoweza kukirekebisha alikirekebisha: tangu wiki ile hakumwambia tena mteja yeyote neno "bado" kama kazi imekwisha. Ndipo watu wakamwita Saa, na kila walipomwita, kitu kilimchoma.

Alhamisi saa nne kamili alikuwa ofisini kwa wakili. Daktari alimvutia kiti. Wakili, kijana mwenye haraka, alisoma kwa sauti ya kuimba: "...na ya kwamba tangu siku hiyo mwenye gari hakuwahi kurudi kuliulizia." Akamsogezea kalamu.

Fundi aliishika. Alikuwa na mikono iliyofungua injini mia kadhaa, lakini kalamu ile ilimshinda uzito. Aliviona vyumba viwili na baraza. Aliuona uso wa mkewe kwenye dirisha alilolichagua.

"Samahani, daktari," alisema, akaiweka kalamu chini. "Kuna kazi ya mtu sijaikabidhi."

Siku hiyo ndiyo siku ya kwanza watu walimwona Fundi Saa akitoka mahali kabla ya wakati.

Nyumbani fundi alimwambia mkewe nusu ya ukweli. Alimwambia mteja alirudi, mara moja, akamjibu bado.

"Na lilikuwa bado kweli?"

"Lilikuwa tayari."

Mama Pacha alimtazama vile alivyokuwa akimtazama mtoto mwenye chaki mfukoni. "Sasa kwa nini ukamwambia bado?"

"Ujana."

"Ujana hauna mdomo, Baba Pacha. Uliyesema ni wewe." Lakini hakumbana zaidi. Alifungua kabati, akatoa gauni la kutokea. "Twende wote. Ukienda peke yako utafika mlangoni urudi."

Walikwenda na gari lenyewe. Mkewe aliuliza kama wafungue paa, fundi akasema hapana, jua kali. Jua halikuwa kali. Alijua angemwambia mkewe sasa hivi, humu garini, kabla hawajafika, ingekuwa nafuu kwao wote wawili. Alibadilisha gia mara kumi na mbili na hakusema.

Duka la mshonaji siku hizi lilikuwa la binti yake, na lilikuwa la sare za shule. Binti, mama wa makamo mwenye pini mdomoni, aliwaelekeza chumba cha nyuma. Mzee alikuwa mezani kwenye mwanga wa dirisha, anashona vitundu vya vifungo kwa mkono. Futi ilikuwa bado shingoni.

"Shikamoo, mzee," fundi alisema.

"Marahaba." Mzee aliinua macho, akamkagua taratibu. "Wewe ni yule fundi wa magari. Umezeeka vibaya."

"Nimezeeka, mzee. Huyu ni mke wangu."

"Karibu, mama. Kaeni. Ondoa hizo suruali hapo kitini, ziweke popote."

Waliketi. Fundi alikuwa amejiandalia hotuba nzima, ikamwagika pale pale. Alitoa ufunguo na kadi ya gari, akaviweka mezani kando ya mkasi. "Nimekuletea gari lako. Lipo nje. Linatembea vizuri. Siku ile ulipokuja lilikuwa tayari tangu jana yake, na nilikudanganya."

"Najua," mzee alisema.

Fundi alimtazama mkewe, kisha mzee.

"Umemwaga spana chini, boneti limefunguliwa, giaboksi iko juu ya gunia, na mikono yako misafi. Mimi pia ni fundi, bwana. Nimewaambia watu wangapi kwamba vifungo havijapatikana, na koti liko nyuma yangu kwenye hanga?" Alikata uzi kwa meno. "Nikasema moyoni, leo na mimi nimepatikana. Sikuwa na uso wa kukugombeza. Nisichokijua mpaka leo ni kwa nini. Ulikuwa umemkodishia mtu?"

Upande wa pili cherehani ya binti ilikuwa ikinguruma. Fundi aliona vidole vya mkewe juu ya mkoba. Hakukuwa na njia ya kuzunguka tena.

"Nilikuwa nimemwahidi mke wangu. Kumtembeza Jumapili."

Hakumtazama mkewe.

Mzee alilitua shati alilokuwa akishona, akalinyoosha kwa kiganja mara mbili, mara tatu, ingawa lilikuwa limenyooka.

"Na mimi nilikuwa nimemwahidi wangu," alisema. "Jumapili hiyo hiyo."

Kisha akaeleza, bila haraka, kwa sauti ya mtu anayetaja vipimo. Mkewe alikuwa amelazwa hospitali miezi mitatu, akaruhusiwa kurudi nyumbani kwa kuwa hapakuwa na la kufanya tena. Kitu kimoja alikiomba. Alisema amechoka kutazama dari, dari ya wodi na dari ya nyumbani, anataka alazwe kwenye kiti cha gari, paa lifunguliwe, atembezwe akitazama juu. Jumapili alipata nguvu. Aliketi kutwa nzima, akasukwa nywele na binti yake. Jumatatu kabla ya adhuhuri alikata roho.

"Nilimwambia fundi kasema Jumanne," mzee alisema. "Akasema haidhuru, Jumanne si mbali."

Fundi alitamani atukanwe. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa polisi, hata kwa kofi, na angevipokea vyote kwa mikono miwili. Alichopewa hakikuwa na pa kushikia. Alisema, "Nisamehe, mzee," na maneno yakamtoka membamba, yakaishia mezani.

"Kusamehe sijafika huko," mzee alijibu, bila ukali. "Sikujua kama nitatakiwa kwenda." Akamgeukia Mama Pacha. "Ilikuwaje, mama?"

"Nini, baba yangu?"

"Matembezi. Paa likiwa wazi. Mimi sijawahi kulipanda likiwa hivyo, nililinunua kwa ajili yake, likaharibika wiki ya kwanza. Nataka kujua lilikuwaje."

Fundi alimtazama mkewe kwa mara ya kwanza tangu aliposema kweli. Alitegemea angesema yalikuwa matembezi ya kawaida tu, upepo na vumbi. Ndivyo ambavyo yeye angesema, kumpunguzia mzee. Lakini Mama Pacha aliweka mkoba sakafuni, akafunga mikono mapajani, na machozi yakimshuka bila kuyajali, akasimulia.

Alisema mwanzoni aliogopa, akashika mlango kwa mikono yote miwili. Alisema mjini kila mtu aligeuka, akaona haya, kisha walipovuka kiwanda cha mwisho haya ikamwisha, akavua viatu. Barabara ile ilikuwa na miti pande zote mbili. Aliegemeza kichwa nyuma, na matawi yakawa yanampita juu, kivuli, mwanga, kivuli, mwanga, usoni, mpaka akajisikia kucheka bila sababu. Harufu zilikuja moja moja, nyasi zilizokatwa, moshi wa mtu anayechoma takataka, mvua iliyokuwa mbali bado. Walipofika kilimani fundi alizima injini. Alilala kitini anatazama mawingu, akaona kwamba hayaendi polepole kama watu wanavyodhani, ni sisi tusiokaa muda wa kutosha. Aliporudi nyumbani shingo ilimuuma siku mbili kwa kutazama juu.

"Siku mbili?" mzee aliuliza.

"Siku mbili kamili."

Mzee alicheka kidogo, puani. Alikuwa amefumba macho tangu kwenye miti. Aliyafumbua, akakitazama kile kidirisha chake, akauchukua ufunguo, akaupima uzito kiganjani.

"Mna mtu anayelitaka?"

"Yupo daktari," fundi alisema. "Mtu mzuri. Lakini si neno langu tena. Ukisema liuzwe, nitamleta hapa kwako, mmalizane wenyewe. Ukisema lisiuzwe, haliuzwi."

Binti alikuwa amesimama mlangoni, pini bado mdomoni. Alizitoa. "Baba, litakaa wapi? Hapa hatuna hata pa kuanikia."

"Litakaa hapo nje, nilione," mzee alisema. "Mwambieni daktari gari lina mwenyewe." Kisha akaokota sindano yake na kuanza kutafuta tundu, na wote walielewa kuwa wameagwa.

Walitoka kwa miguu. Gari lilikuwa pale pale chini ya ukuta, paa limefungwa, na watoto wawili waliokuja kupimwa sare walikuwa wanajitazama kwenye taa zake. Fundi alipita bila kuligusa. Mikono aliiweka mfukoni, kwa sababu haikuwa na kazi tena. Vyumba viwili na baraza vilikuwa vimebaki kamba tu ardhini, na mkewe hakuvitaja.

Mama Pacha alitembea mbele. Alitembea hivyo mitaa miwili, mgongo umenyooka, mpaka mbele ya duka moja lililofungwa akasimama.

"Miaka yote hii ukinisikia nikiisimulia," alisema.

"Ndiyo."

"Ulinipa siku ya mtu, Baba Pacha."

"Najua."

"Ningeweza kuichukia, ningepona." Alijipangusa uso kwa ukingo wa kitambaa. "Lakini ilikuwa nzuri. Hata sasa hivi bado ni nzuri, na sina pa kuirudisha."

Safari hii fundi hakutunga sababu. Alimpokea mkoba, wakaendelea na njia.